Mafungo ya Wamama Kasomeno: Kusikia ni Chini ya Mwembe, Kusema ni ku Moto

Utangulizi

Tukizungumuza juu ya desturi zetu, mara nyingi tunawaza ngoma, ndoa, kilio na majina ya ukoo. Sisi tumechagua desturi moja ambayo watu wengi hawaihesabu, juu wanaona ni jambo la kanisa tu: mafungo ya wamama, ao retreti, vile wenyewe wanavyoiita. Lakini kitu ambacho wamama wanafanya kila mwaka, chenye mavazi yake, nyimbo zake, chakula chake na namna yake ya kukaa, hicho kimekwisha kuwa desturi. Na desturi tunaweza kuichambua kama tunavyochambua hadisi ao muchezo: tuseme kilicho kizuri, tuseme kinachokosa, na tuseme kwa nini.

Tunaandika kama mwalimu wa sekondari wa Lubumbashi, na kama mutoto wa njia ya Kasenga. Mwezi wa saba 2024, wakati masomo yamefungwa, wamama wa kanisa moja la Kasomeno walituomba tufike kuandika ripoti ya siku yao. Jina la kanisa hatutalitaja, juu kusudi letu si kuhukumu kanisa moja. Mambo tuliyoyaona pale tumeyaona pia katika makanisa mengine, makubwa na madogo, hata hapa Lubumbashi mujini.

1. Siku yenyewe

Mutu anayetoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga anafika Kasomeno pale njia inapogawanyika. Moja inaendelea mpaka Kasenga kwenye muto Luapula, ingine inaelekea Kilwa, ziwa Moero na Pweto. Ni mahali pa njia panda. Malori ya samaki yanapita, wanaume wanasukuma kinga zenye mifuko ya makala, wamama wanauzisha mihogo kando ya barabara. Sokoni unasikia Kibemba, kanisani unasikia Kiswahili, na wamama wengi wanavuka kutoka luga moja kwenda ingine katika mustari mumoja bila kujua.

Mwezi wa saba ni wakati wa baridi na vumbi. Saa kumi na mbili asubui wamama walikuwa wamekwisha kuanza kufika, mutoto mugongoni, kiti kichwani. Wengine walitembea tangu usiku. Wote walivaa kikwembe cha chama. Aliyekosa pesa ya kikwembe kizima alivaa kitambaa chake kichwani tu, na hakuna mutu aliyemucheka. Walikaa chini ya mwembe mukubwa nyuma ya kanisa. Mbele yao kulikuwa meza yenye kitambaa cheupe, viti vitatu vya wageni na mikro moja.

Sisi tulikaa kando na kaye yetu. Kwa kuwa ni kazi yetu ya kila siku kuangalia saa ya somo, tuliandika saa. Nyimbo na maombi: saa moja na nusu. Fundisho la kwanza, pasta, juu ya mwanamuke anayejenga nyumba yake. Fundisho la pili, mugeni kutoka muji, juu ya utii na uvumilivu. Fundisho la tatu, mama pasta, ambaye alisoma karatasi tuliyoambiwa iliandikwa na mume wake. Kisha matangazo na muchango. Kisha maswali. Saa tisa, chakula. Kisha nyimbo tena na maombi ya kufunga, mpaka jua lilipoanza kushuka.

Tukijumlisha, mafundisho yalichukua saa ine na dakika kumi. Maswali yalichukua dakika makumi mbili na tano. Katika hizo, makumi mbili zilikuwa za majibu. Maswali yenyewe yalikuwa matatu, yote yaliandikwa juu ya karatasi, na mwanaume njo aliyasoma.

2. Kile kilicho kizuri

Tusianze na lawama. Siku hii ina uzuri wa kweli, na anayeicheka hajui maisha ya mwanamuke wa kijiji. Kwake hii ni siku moja katika mwaka ambayo hachoti maji, hatwangi, halimi, na mutu hamuulizi chakula kiko wapi. Anakaa. Wengine tuliwaona wanasinzia katika fundisho la pili, na hatukuona kosa: ule usingizi pia ulikuwa mapumuziko waliyoyangojea.

Kuna pia ushirika. Chakula kilikuwa bukari, sombe na samaki wa Luapula, na munkoyo katika ndoo. Kila mumoja alileta alichokuwa nacho: mwingine kilo mbili za unga, mwingine chumvi tu. Wakati wa kula haikujulikana nani alileta nini. Mama mumoja aliyezika mutoto mwezi wa tano aliketi katikati ya wengine, na walimulisha kwa mukono kama muzazi anavyolishwa siku za kwanza. Hakuna fundisho lililosema wafanye vile. Walijua.

Na nyimbo! Huko wamama hawakuhitaji mikro. Mumoja anatupa sauti, wengine wanaipokea, wanaigeuza, wanaongeza neno juu ya jambo la kijiji, wanarudi kwa Yesu. Mutu anayetaka kujua mambo gani yanawasumbua wamama wa Kasomeno asisome ripoti yetu, asikilize tu yale maneno wanayoongeza katikati ya nyimbo.

3. Kile kinachokosa

Sasa tuseme kinachokosa. Ku Institi Pedagojiki tulifundishwa jambo moja ambalo hatulisahau: mwalimu anayesema peke yake tangu kengele mpaka kengele hajui kama amefundisha. Anajua tu kwamba amesema. Kabla ya somo mwalimu anajiuliza: wanafunzi wangu wanajua nini tayari? Wanahitaji nini? Mwisho wa somo, watafanya nini ambacho asubui hawakuweza? Mafungo tuliyoyaona hayakuuliza hata swali moja kati ya haya.

Tutoe mifano miwili.

Mufano wa kwanza. Mugeni kutoka muji, akifundisha juu ya utii, alisema kwamba mwanamuke aliyeolewa hawezi kufungua konti ku banki wala kuandika mapatano bila karatasi ya mume wake, juu serikali yenyewe inakubaliana na kanisa. Wamama waliitikia kwa kichwa. Kumbe hilo si kweli tena. Kweli, Sheria ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 iliomba ruhusa ya mume kwa matendo kama hayo. Lakini sheria mupya ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ile ruhusa. Sheria hiyo bado inamuita mume mukubwa wa nyumba, na mutu wa kanisa anaweza kufurahia hilo akitaka. Lakini habari ya banki ilikuwa imekwisha miaka munane mbele ya siku ile. Hatuwazi kwamba mugeni alidanganya kwa makusudi. Alifundisha alichofundishwa zamani. Ila chini ya ule mwembe kulikuwa wamama wanaouzisha samaki na kuweka pesa ndani ya kopo, na walirudi nyumbani wakiamini kwamba kopo njo banki yao ya milele. Hakuna aliyeweza kuinua mukono, juu programu haikuwa na mahali pa mukono.

Mufano wa pili ni mugumu zaidi. Moja ya zile karatasi tatu ilitoka kwa mujane. Mume wake alichoma makala, na alikufa mbele ya Noeli. Ndugu za mume walikuja, wakachukua kinga mbili na mashini ya kushona, na wakasema kisha mavuno nyumba pia itoke mukononi mwake. Aliuliza: nifanye nini? Jibu lilikuwa: uombe, uvumilie, Mungu ni mume wa wajane. Kisha karatasi ya tatu ikasomwa.

Hatusemi kwamba maombi ni bure. Sisi pia tunaomba. Lakini mutu akiuliza njia ya Kilwa, hatumujibu kwamba Mungu anajua barabara zote. Huyu mama aliuliza juu ya nyumba. Kwa desturi za huku, ambapo ukoo unafuata mama, mali ya mwanaume inaelekea kwa watoto wa dada yake, na ndugu za mume wanaona hawakuiba, wamefuata desturi. Sheria ya 1987 inasema tofauti: watoto wa marehemu njo warithi wa kwanza, na mujane pia ana sehemu yake kati ya warithi wanaofuata. Kati ya desturi na sheria kuna mashindano makali, na mwanamuke njo anasimama katikati. Kama mafungo ya wamama hayawezi kuzungumuza jambo hili, ni mukutano gani utalizungumuza?

4. Ku moto

Saa nane na nusu tulitoka kwenye meza kwenda kuomba maji. Nyuma ya ukuta wa jikoni wamama kumi hivi walikuwa wanapika. Hawa hawakusikia mafundisho hata moja, juu ya moshi na kazi. Tuliwahurumia, tukauliza kama hawaoni wanakosa mafungo. Mumoja alicheka: "Mamu, kule tunakuyaka kusikia tu. Kusema ni ku moto."

Na kweli yule mujane alikuwa ameketi pale, anapepeta unga. Mbele yake muzee mumoja mwanamuke, ambaye katika ujana wake alifundisha wasichana katika kisungu, alikuwa anakoroga bukari na kumuuliza, bila kumuangalia:

"Ile nyumba, matafali ni nani alikuwa anachotea mayi?"

"Ni miye."

"Na nyasi ya juu?"

"Ni miye na batoto."

"Bajirani baliona?"

"Baliona."

"Basi sema vile mbele ya bakubwa. Usilie kwanza. Sema kwanza, kisha utalia."

Wale wengine wakaanza kuhesabu nani alikuwa jirani mwaka ule, nani anaweza kusema mbele ya chifu, nani ana ndugu ku Kasenga anayejua kuandika barua kwa ofisi ya teritware. Mbele ya bukari kuiva, wamama wane walikuwa wameahidi kumusindikiza.

Wapendwa wasomaji, mafungo ya kweli ya siku ile yalifanyika pale, katika moshi, nje ya programu. Na tunakiri kosa letu: ripoti tuliyoandika na kutoa kwa kanisa ilikuwa na kurasa tatu, na habari ya jikoni haikuandikwa hata mustari mumoja. Tuliandika kilichosemwa ku mikro. Sisi pia tuliwaza kwamba neno lisilopita ku mikro si neno.

5. Wazee walifundisha namna gani

Wamisionari wa kwanza wa upande huu, kama Dan Crawford aliyekaa Luanza kando ya ziwa Moero mpaka kifo chake 1926, walikuta wanawake ambao tayari walikuwa na mafungo yao. Kwa Babemba na majirani zao, ngambo zote mbili za Luapula, musichana aliyekomaa aliingia kisungu, wengine wanasema chisungu. Mwalimu wake aliitwa nachimbusa. Mwanamuke Muingereza Audrey Richards aliangalia kisungu kimoja kwa Babemba wa Zambia 1931, akatoa kitabu chake 1956. Anaeleza siku zaidi ya makumi mbili za nyimbo, michezo, sanamu za udongo na michoro ya ukuta, ambazo zinaitwa mbusa.

Tuangalie kwa jicho la mwalimu. Kila mbusa ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maana iliyofichwa. Musichana hakupewa maelezo marefu. Alipewa kitu cha kushika na cha kufanya, na wanawake wote walikuwa ndani ya somo: waliimba, walicheza, walibishana juu ya namna ya kweli ya kufanya. Mukubwa aliheshimiwa, lakini hakuna aliyekuwa musikilizaji tu. Yule muzee wa Kasomeno na maswali yake juu ya matafali alifundisha vile vile, na tunafikiri hakujua kwamba alikuwa anafundisha.

Tusipambe zamani kupita kiasi. Kisungu kilifungua pia mulango wa kuoza watoto. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza ndoa mbele ya miaka kumi na munane, na sisi tulio na wasichana katika kalasi tunaitetea. Kulikuwa pia matusi na vitisho, na mafundisho mengi ya kunyenyekea mbele ya mume. Hatuombi kanisa lirudishe yote. Tunasema tu kwamba makanisa yaliyokataza kisungu yalichukua kazi ya nachimbusa na kuiweka mezani mbele ya mikro. Walibakiza utii, ambao ulikuwa sehemu nyepesi, wakaacha namna ya kufundisha, ambayo ilikuwa sehemu ya mali.

6. Kanisa lenyewe lina mifano

Mutu atasema: mwalimu, unaleta mambo ya kipagani. Basi tutoe mifano ya kanisa.

Katika barua kwa Tito, sura ya pili, Paulo anaagiza wanawake wazee wafundishe vijana. Anawapa wao wenyewe kazi hiyo. Katika Matendo 18, Prisila na mume wake Akila wanamufundisha Apolo, mutu aliyesoma sana. Na katika Hesabu 27 kuna mabinti tano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mutoto mwanaume, na mali ilitaka kuwapita. Hawakuandika karatasi ili mwingine aisome. Walisimama mulangoni pa hema, mbele ya Musa na mkutano wote, wakasema. Musa hakuwajibu wavumilie. Alipeleka jambo lao kwa Mungu, na Mungu alisema wana haki. Tunashangaa kwamba katika mafungo mengi tuliyohuzuria, hatujasikia sura hii ikifundishwa hata mara moja. Ile karatasi ya mujane iliiomba wazi.

Karibu na sisi, hapa Katanga, kuna mufano wa Jamaa. Padri Placide Tempels, Mufransisko aliyefika Kongo 1933, alitoa kitabu juu ya filosofia ya Kibantu 1945. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mambo yaligeuka siku aliyoacha kufundisha kwanza na kuanza kuuliza watu: muko nani, munatamani nini? Katika majibu yao njo kulitoka yale mawazo matatu ambayo wanajamaa wanayajua: uzima, uzazi, mapendo. Tangu 1953, Kolwezi, Jamaa ilienea katika kambi za wafanyakazi wa migodi, kwa Kiswahili, baba na mama pamoja. Jamaa ilipata baadaye magumu yake na maaskofu, na hatuingii katika hayo. Tunachukua jambo moja: ilianza na sikio.

Hata nje ya Kongo kuna mufano. Siku ya Maombi ya Dunia, ambayo wanawake wa makanisa mengi wanafanya Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, imekuwa ya mataifa yote tangu 1927. Kila mwaka wanawake wa inchi moja wanaandika wenyewe ibada, wengine wanaifuata. Wanawake wanaweza basi kuandika ibada ya dunia nzima, na mama wa Kasomeno hawezi kuandika programu ya siku yake?

7. Mashauri yetu

Kwanza, mafundisho yapunguzwe, libaki moja, na wakati uliobaki wapewe wamama wakae katika vikundi vya watu kumi. Kumi wanatosha kuzunguka moto mumoja.

Pili, kila kikundi kipewe mama muzee mumoja anayejua kuuliza. Asitafutwe anayejua kuhubiri. Hao si watu wamoja.

Tatu, mbele ya mutu wa inje kufundisha juu ya sheria, ulizeni anayeijua. Kasenga kuna ofisi za serikali, Lubumbashi kuna wanasheria waamini wa makanisa yetu. Neno la uongo lililosemwa karibu na Biblia linaaminiwa zaidi kuliko uongo wa sokoni.

Ine, wapikaji wabadilishane, ili wasikose kila mwaka walewale. Na vijana wanaume wa kanisa wanaweza kuchota maji siku moja. Hawatakufa.

Tano, anayeandika ripoti atoke ku meza. Hili tunajiambia wenyewe.

Mwisho

Wazee wa Kibemba wanasema: amano yafuma mwifwasa, yaya mu culu. Akili inatoka katika kichuguu kidogo, inaenda katika kichuguu kikubwa. Wapasta wetu ni kichuguu kikubwa, na tunawaheshimu. Lakini vichuguu vidogo vilivyoketi chini ya mwembe tangu asubui vina kitu, na mufano wa jikoni umeonyesha.

Tulirudi Kasomeno wakati wa Pasaka iliyofuata. Mujane angali katika nyumba yake. Wale wamama wane walimusindikiza mara tatu, na mbele ya wakubwa alisema juu ya maji na nyasi vile alivyofundishwa. Mashini ya kushona haikurudi, wala kinga. Tulimuuliza kama angependa kushuhudia katika mafungo yanayokuja. Alisema angependa, kama watamupa nafasi.

Basi, wamama viongozi na wapasta munaosoma kitabu hiki, mumupe nafasi.